Yule wa Sita Nimemjua

Basi nikajifunika kanga kichwa kizima, Mwalimu, nikaziba masikio kwa vidole, nikaanza kuimba. Ndani ya basi, mchana kweupe, tumeshaipita Mafinga. Abiria wote kimya wanaangalia ile luninga ya juu ya dereva, mimi peke yangu naimba nyimbo za kanisani, tena zile ndefu zenye beti nyingi ili zisiishe mapema. Kuku wangu alikuwa kwenye kikapu miguuni, aliposikia naimba na yeye akaanza. Kondakta akaja akanigusa bega, akauliza bibi unaumwa? Nikamwambia siumwi, zima hiyo picha. Akasema abiria wanaipenda. Nikamwambia na mimi ni abiria, na humo ndani kuna mtu sitaki kumwona leo. Akageuka kuangalia viti vya nyuma, akadhani nina ugomvi na mtu mle ndani ya basi.

Ngoja kidogo. Tekla kaweka kalamu chini. Anasema barua haianzi hivyo, inaanza na salamu.

Haya. Kamwene, Mwalimu. Kamwene, Mngoni wangu. Ni mimi Mhehe wako, muuza nyanya wa Ilula. Kuandika sijui, hilo unalijua, ulinibembeleza miaka nishike kalamu nikakwambia mikono yangu imezoea ndoo. Anayeandika ni mwanao Tekla. Tuko kwake hapa Iyunga, leo Jumapili, tumetoka kanisani, yeye kwenye Kikatoliki chake na mimi kwa Walutheri wenzangu, tumerudi tumekula wali na maharage, tumeshiba. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Wewe ulininyoosha miaka yote hukuweza, yeye atawezea wapi.

Hapa Mbeya baridi, Mwalimu. Kwetu Ilula jua linanikausha, hapa nimevaa sweta la Tekla juu ya sweta langu. Na malori yanapita barabarani hayachoki. Lakini nimelala vizuri. Haya, turudi kwenye basi.

Picha yenyewe ilikuwa ya kile kitabu chetu. Ndiyo, wamekitengenezea picha. Tangu tukuzike mwaka unakaribia kuisha, na katikati hapo watu wa Dar es Salaam wakachukua kile kitabu wakakicheza. Yule Tumaini wa kitabuni wamemtafutia kijana mmoja mrefu wa kumwigiza, wanasema ana sauti nzuri. Sasa picha yenyewe iko kwenye simu za watu wote Ilula, iko kwenye mabasi, iko kwa kinyozi. Na mimi kitabu nilikuwa sijamaliza. Unaelewa taabu yangu? Kila nilipogeuka ningeweza kukutana na yule wa sita.

Nakumbuka ulivyokuwa unasema, kitabu kwanza, picha baadaye. Nilikuuliza kwa nini, maana mimi nilidhani ni ukali wa ualimu tu, kama kunawa mikono. Ukaniambia, "Picha inakupa sura ya mtu mwingine. Kitabu kinakuachia uchague mwenyewe." Na kweli nilichagua. Yule karani wetu Tumaini mimi nilimpa sura ya marehemu mume wangu alipokuwa kijana, kabla hajaanza kukohoa. Bosi wake anayechekacheka nikampa sura ya yule dalali wa nyanya mwenye jino la mbele limekatika. Nikakwambia, ukacheka mpaka miwani ikadondoka. Wewe bosi ulimpa sura ya mwalimu mkuu wako wa zamani, ukanikataza nisimwambie mtu, sasa nimesema na Tekla ameandika.

Ngoja nimweleze Tekla vizuri, maana jana tulipomaliza kitabu alikuwa analia na kucheka pamoja, hakuuliza mambo ya mwanzo. Mwanangu, andika tu, mama yako hatachoka, hakuwahi kunichoka. Kitabu chenyewe kinahusu karani wa ramani, Tumaini. Siku moja kafungua ramani mpya ofisini, kaona bonde limefutwa. Bonde zima, lenye watu na kanisa na makaburi, kwenye ramani pamebaki karatasi nyeupe. Kumbe kuna wakubwa sita wamekaa wakapanga, wanataka maji ya lile bonde, wakaona njia rahisi ni kusema halijawahi kuwa na watu. Kila anayejua anapata ajali. Tumaini anakimbia na ile ramani ya zamani ameishona ndani ya koti. Watano tukawajua mmoja mmoja. Wa sita ndiye kichwa chao, hajulikani, ila kitabu kinasema ni mtu anayekula meza moja na Tumaini.

Wewe ulisema ni padri. Mkatoliki mzima unamshuku padri wako, na mimi Mlutheri ndio nikawa namtetea. Mimi nilisema ni dereva, kwa sababu anapenda kusimama karibu na milango. Ukasema mtu hafungwi kwa kusimama mlangoni. Nikakwambia Wangoni hamjui kitu, ndiyo maana babu zetu waliwachapa. Ukasema waliotuchapa ni akina nani, mbona historia niliyofundisha mimi inasema mlikimbia. Tukaacha kitabu tukabishania vita ya watu waliokufa zamani, mpaka basi likaja.

Basi likija unajua. Tumaini yuko chini ya kitanda, viatu vya muuaji vinaonekana mlangoni, na basi linapunguza mwendo kwenye tuta. Nanyanyuka na ndoo yangu nakimbilia madirishani, nyanya, nyanya, mama nyanya za Ilula hizi, kichwani nawaza viatu. Nikirudi, wewe umekaa palepale kwenye kibanda changu cha turubai, kidole kwenye mstari uleule. Hukusogeza hata neno. Siku moja yalifuatana mabasi manne, nikarudi nimechoka, nikakuta kidole hakijatoka. Nikakuuliza hukutaka kujua? Ukasema nilishajua, hiki nimeshakisoma mara mbili.

Hapo ndipo neno langu lilipo, Mwalimu. Mara mbili. Nitalirudia.

Nianze na mambo ya nyumbani. Nyumba yako wamepanga walimu wawili vijana, wasafi, ila mmoja anafuga sungura kwenye chumba chako cha vitabu. Usikasirike, vitabu vilishakwenda shuleni. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, amerudi, mwaka huu amekula robo ya shamba la kaka yangu. Vitunguu vimekubali sana. Kengele ya shule bado ni ileile rimu ya gari uliyoining'iniza, ila anayeipiga hana mkono wako, anagonga kama anafukuza ndege. Na miwani yako ninayo mimi. Naivaa nikichambua nyanya, inaonyesha vizuri zilizoanza kuoza kuliko macho yangu. Watu wakiniona wananiita Mwalimu, naitika.

Miwani niliipata msibani, na kitabu nilikipata msibani, na kitabu kilinitoka kwa kosa langu mwenyewe. Hilo hulijui kwa sababu ulikuwa umelala kwenye sanduku.

Mtani aliyefanya kazi ya utani pale nilikuwa mimi peke yangu, Wangoni wa Ilula wachache, na watani wengine Wahehe walikuwa wanalia tu kama si watani. Nikasema hapana, Mngoni hazikwi kimya kama mgeni. Nikaingia chumbani, nikavaa miwani yako, nikachukua kitabu chetu kile chekundu kilichokuwa kando ya kitanda, nikatoka uwanjani nikakaa kwenye kiti chako. Nikaweka kidole kwenye mstari. Nikakunja uso kama wewe, nikasema, "We Mhehe, acha kudaka nzi, sikiliza." Watu wakacheka, halafu wakalia, halafu wakacheka tena. Mwenyekiti wa mtaa alilia kamasi. Nikasimama nikatangaza kwamba vitu hivi viwili nimeviteka, havirudi mpaka ndugu wa marehemu wanikomboe.

Mwalimu, nilivyotangaza hivyo moyoni nilikuwa nahesabu tayari nimekipata. Maana unajua inavyokuwaje. Mtani anateka sufuria, anateka koti, watu wanacheka, mazishi yakiisha wenyewe wamechoka hakuna anayekumbuka, sufuria linabaki kwa mtani. Nina jembe la Mngoni mwenzako mmoja mpaka leo. Nikasema kitabu kitabaki kwangu, nitatafuta mtu wa kunisomea zile kurasa zilizobaki, zilikuwa unene wa kidole changu kidogo.

Kumbe Tekla wako, mtoto wa mjini, yeye aliogopa. Alidhani asipokomboa mama yake hatapumzika. Akaenda kuuliza kwa wazee wa Kingoni nifanyeje, wale wazee bila kufikiri wakamwambia mpe kuku. Siku ya tatu, tumekaa tunaanua matanga, watu wamejaa, namwona Tekla anakuja na kuku jike mweusi amemshika kwa mikono miwili. Akapiga magoti mbele yangu. Akasema, "Mama, naomba kitabu cha mama yangu."

Ningesema nini? Mtani akishapewa ukombozi mbele ya watu hana neno. Ningekataa, ule utani wote ungegeuka wizi. Nikampokea kuku, nikatoa kitabu. Miwani hakuitaja, alisahau, nikanyamaza. Nikaenda nyumbani na kuku kwapani, nikamwambia kuku, wewe unajua kusoma? Kesho yake Tekla akapanda basi la Mbeya na yule wa sita ndani ya begi.

Tekla anasema kwa nini sikusema. Mwanangu, ningesema nini, msiba wa mama yako mbichi, nikuambie nataka hadithi?

Basi nikakaa na kuku. Sikumchinja. Anataga vizuri, nimempa jina lako, samahani, lakini anatembea kama wewe ulivyokuwa unaingia darasani. Nikawa nimekubali. Nikasema basi, hadithi nyingine hazina mwisho, hata maisha ya mume wangu hayakuwa na mwisho wa maana, yaliishia katikati ya sentensi.

Ndipo picha ikatoka. Na Mama Zawadi, yule wa kibanda cha pili, wa vitunguu, akaiangalia kwenye simu ya mwanawe. Wewe unamjua Mama Zawadi. Akaja asubuhi anatabasamu. Akasema, shoga, nimemwona wa sita wenu. Nikamwambia funga mdomo. Toka siku hiyo nikawa mtumwa wake. Basi likisimama, akitaka yeye atangulie dirishani, ananiangalia anasema, nikwambie? Namwachia. Mteja wangu wa miaka anamvuta, nikwambie? Namwachia. Wiki nzima, Mwalimu. Nyanya zangu zinaivia kwenye ndoo, nazipanga, kubwa juu, ndogo chini, zinalainika palepale. Siku ya Ijumaa akataka nimpe na ile nafasi yangu ya kivulini. Nikavua aproni. Nikamwambia Mama Zawadi, kesho hunioni. Nikaingia ndani nikamshika kuku, nikamtia kikapuni.

Sheria iko pande mbili, si ndiyo? Kama wao walikikomboa kwa kuku, na mimi nitakikomboa kwa kuku. Kuku yuleyule.

Ndipo nikapanda basi la asubuhi pale Ilula, tukashuka mpaka Ipogolo, tukapandisha, na tulipoiacha Mafinga kondakta akaweka picha. Naona jina kubwa limeandikwa, kusoma sijui, ila nikaona ramani, na katikati ya ramani pameupe. Nikasema Mungu wangu, kitabu kiko Iyunga na picha iko hapa.

Kando yangu alikuwa amekaa baba mmoja Msukuma, wa hawa waliohamia Usangu na ng'ombe zao, ana koti kubwa zito. Nilivyoimba ubeti wa tatu akanivuta kanga taratibu. Akasema, mama, nani amekukosea? Nikamweleza. Nikamweleza yote, kitabu, wewe, kuku, Mama Zawadi, huku nimefumba macho. Nilidhani atanicheka. Yeye akasema kwao baba yake alikuwa akisimulia ngano jioni, mtoto akidakia mwisho anafukuzwa motoni, anakwenda kulala na ndama. Akavua lile koti, akalining'iniza kwenye kiti cha mbele likaziba luninga upande wangu. Akasema, macho tumeyaziba, sasa masikio. Akaanza kunisimulia ng'ombe zake, kwa sauti ya mtu anayeita mifugo bondeni.

Mwalimu, najua ukoo mzima wa ng'ombe za yule baba. Namjua jike mwekundu mwenye pembe iliyoinama, mama yake, na bibi yake aliyetoka nao kaskazini kwa miguu. Namjua dume aliyekataa kuvuka mto akabembelezwa siku mbili. Abiria wa mbele akageuka kulalamika kwamba hasikii picha. Yule baba akamwambia, na wewe ungesoma kitabu kwanza. Basi zima likacheka. Nilitamani ungekuwepo. Mtu hajawahi kukuona, amekujua kwa saa moja, na ameshika neno lako analitumia.

Tulipokula chipsi pale Makambako nilikula nimeangalia dirishani. Picha ikaisha karibu na Igawa, nikajua imeisha kwa sababu watu walipumua wote kwa pamoja, halafu wakaanza kubishana, na mimi nikaimba tena. Yule baba akashuka Chimala. Amesimama mlangoni akanigeukia, anacheka, akasema, "Mama, lakini mimi nilichungulia. Nikwambie?" Nikamwambia nitashuka na wewe nikutoe roho hapohapo stendi. Akaondoka anacheka na koti lake begani. Jina lake sikuuliza. Majina ya ng'ombe zake ninayo.

Tekla, niliyempigia simu tu kwamba nakuja, alinikuta kituoni hapa Iyunga na kikapu. Alidhani nimekuja naumwa. Nikamwambia, nimekuja kukomboa kitabu. Akaangalia kuku, akamtambua. Akakaa chini pale pale barabarani kwenye jiwe, akaanza kucheka, na kucheka kwenyewe, Mwalimu, ni kule kwako, kwa kuanzia puani.

Kitabu alikuwa amekiweka kando ya picha yako sebuleni. Hajakifungua hata mara moja. Anasema alikuwa akikishika mikono inakataa. Jana baada ya chai tukakaa, nikamvalisha miwani yako, akasema haimfai, macho yake mazima, akaishika tu mkononi. Akafungua. Na pale tulipoishia mimi na wewe, alama yako bado ipo. Ganda la kitunguu. Ulikuwa umeliokota zamani kwenye meza yangu kibandani, na siku ile ya mwisho kitandani ukaliweka hapo, uliposoma kurasa mbili pumzi ikakuishia. Limekauka kama karatasi ya dhahabu, halina hata harufu.

Siku ile unaikumbuka. Umelala, miguu imevimba, Tekla alikuwa hajafika bado. Mimi nilikuona unavyokwenda. Nikajifanya mjinga, nikakushika mkono nikasema, Mwalimu, leo umechoka, usisome, nitajie tu, padri siye? Ni dereva? Nitajie jina moja niende kuuza nyanya zangu. Ukafumba macho, ukatabasamu lile tabasamu la mtu anayejua. Ukasema, "Nikikwambia, kesho utakuja kufanya nini?"

Nikakwambia nitakuja tu. Ukasema, "Njoo basi."

Nilikuja. Ulikuwa umeshaondoka alfajiri.

Nilikukasirikia, leo nakiri mbele ya mwanao. Nilisema Mngoni huyu amekwenda na siri yangu kaburini, mwenyewe alisoma mara mbili, mimi hata mara moja hakunikamilishia. Hata pale nilipokuigiza uwanjani, watu wanacheka, kulikuwa na hasira kidogo ndani.

Sasa sikiliza. Tekla akageuza karatasi ya kwanza baada ya ganda, akasoma. Akageuza ya pili. Ya tatu ikakataa. Zimeshikana kwa juu, yeye akavuta, hazifunguki. Nikasema labda ugali umezigandisha. Akainua kitabu kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia kwa ukingo. Akasema, "Mama, hizi hazijakatwa. Zimetoka kiwandani zimeungana hivi hivi. Hakuna mtu aliyewahi kuzifungua."

Kuanzia pale mpaka mwisho, Mwalimu. Zote.

Nikamwambia mbona mama yako alikisoma mara mbili. Akasema hicho kitabu nilimnunulia mimi hapa Mbeya, kipya, nikampelekea Krismasi. Ukampigia simu ukasema umeanza kusoma na Mhehe wako, na yeye Tekla akakuuliza, kizuri? Ukamjibu, "Mwisho sijui, namngoja mwenzangu anauza nyanya."

Niliegemea ukuta nikafumba macho. Tekla akadhani nimepata presha. Mimi nilikuwa naona kidole chako. Mabasi manne, na kidole hakijatoka kwenye mstari, na wewe hujui muuaji wa nani yuko mlangoni, kama mimi tu, na bado unaningoja. Tabasamu lile la kujua lilikuwa la uongo. Hukujua lolote. Ulikuwa umelala pale unakufa na wewe mwenyewe unataka kumjua wa sita, na ukaona afadhali mimi niwe na sababu ya kurudi kesho. Kama vile ningehitaji sababu. Mhehe mzima nitafute sababu ya kuja kumwona Mngoni wangu.

Nilisoma kwa masikio yangu vitabu vyako vyote, mimi nisiyejua a wala be, nimekwenda miji ambayo miguu yangu haitafika, nimewajua majasusi na mahakimu, nimekaa kibandani pangu nimezeeka bila kuchoka na uzee. Hayo nilijua kukushukuru, kila mwaka nilikuletea ndoo ya kwanza ya nyanya, zile zilizo kubwa juu na kubwa chini. Lakini hili la kungoja sikulijua. Asante. Nasema kwa mdomo na Tekla anaandika. Asante, Mwalimu. Na hasira yangu naiondoa, ichukuliwe na mto.

Basi Tekla akaleta kisu cha jikoni. Akakata karatasi moja moja, pole pole, kama anamenya kitunguu, akawa anasoma. Sauti yake wakati mwingine ni yako, pale anapokaribia nukta anashuka. Nilifumba macho, nikasikia hata mabasi. Tumaini alikuwa na sura ya mume wangu mpaka mwisho. Na yule wa sita akaingia, akavuta kiti, akakaa kwenye meza ya Tumaini akaomba chumvi.

Si padri, Mwalimu. Wala si dereva. Wote wawili tulikosea, mimi na wewe, ila wewe ulikosea zaidi. Mimi nilimkaribia kidogo.

Tekla anacheka. Anasema mama taja jina, si ndiyo maana ya barua, mama yangu ajue. Na kweli jana usingizini niliwaza hivyo, nikasema kesho nitamwandikisha Tekla, jina la yule wa sita, na alivyokamatwa, na lile bonde kama lilirudi kwenye ramani au halikurudi. Kitabu narudi nacho Ilula, nimeshakikomboa, kuku amebaki hapa yuko nyuma ya nyumba anaparua maua ya Tekla. Barua hii tutaiweka ndani ya kitabu, pale kwenye ganda la kitunguu, na nikifika nitakuja nacho makaburini nikusalimie. Mama Zawadi nitamnyang'anya kivuli changu.

Lakini jina sitaji. Tekla, usiandike, weka kalamu yako wima. Nikikwambia, Mngoni wangu, utakuwa unaningojea kwa ajili ya nini?

Ningoje. Weka kidole palepale. Mimi nina nyanya zangu bado za kuuza kidogo, halafu nitakuja, nitakuja na miwani yako, na nitakusimulia mwenyewe tangu pale kwenye ganda mpaka nukta ya mwisho, bila kuruka. Nakuahidi. Na usiulizeulize kwa wengine huko, najua wapo walioiona picha. Wakianza, imba.

Neema, mjukuu wako, ananiita sebuleni. Wameshaweka ile picha kwenye luninga, anasema, bibi njoo, inaanza, ramani hiyo. Sasa naweza kuiangalia, macho yote wazi, na huyo kijana wao mrefu hanibadilishii mume wangu.

Naam, mjukuu wangu, naja. Tekla, nisaidie kunyanyuka.